Chumba cha mizigo Mwanjelwa, ambako sura yako haitoshi

Kwa wanaopita Mbeya na mizigo na hawana pa kuilaza: nyuma ya soko la Mwanjelwa, ukifuata kichochoro cha mafundi cherehani, kuna chumba cha mabati chenye mlango wa bluu. Mwenye chumba ni mama wa makamo. Ameniomba nisiandike jina lake, kwa hiyo nitamwita mama mwenye chumba. Begi ni shilingi 1,000 kwa siku, kiroba 1,500, belo la mitumba 2,000. Mimi nauza mitumba Tukuyu, mzigo naufuata Tunduma, na Mbeya ndipo ninapokata safari. Huu ni mwaka wa nne nalaza mzigo pale karibu kila wiki na sijapoteza hata soksi.

Watu wanamsifu sana, lakini naona wanamsifu kwa kitu ambacho hana. Ukikaa kwenye kosta ya Tukuyu utasikia, "Yule mama akikuona mara moja, hakusahau tena." Nilimuuliza siku moja tukinywa chai. Akatikisa kichwa. "Mwanangu, wapita njia wote mimi nawasahau. Ningekuwa natoa mizigo kwa sura, chumba hiki kingeshafungwa zamani."

Jibu hilo ndilo lililonifanya niandike.

Ukifika na mzigo, haupokei haraka. Anakusimamisha mlangoni penye mwanga, anakuomba uvue boshori, au kama ni mwanamke usogeze mtandio mpaka paji la uso lionekane. Halafu yanaanza maswali. Umetoka wapi? Mlima Kitonga mmepanda salama? Makambako mmepita saa ngapi? Humu ndani kuna nini? Wageni hudhani ni umbea. Wewe unajibu, yeye anakutazama macho, pua na mdomo, na anasikiliza unavyotamka. Kisha anachukua karata moja, hizi za kuchezea, anaichana kwa mkono vipande viwili. Kimoja anakifunga kwenye mzigo kwa uzi wa katani, kingine anakupa. Hata kama mtu ataleta saba ya kopa kutoka pakiti nyingine, mchano wake hautaingiana na ule uliofungwa kwenye mzigo. Mwisho anakuambia utaje kitu kimoja kilichomo ndani ambacho kwa nje hakionekani. Niliwahi kutaja sweta la mtoto lenye kifungo kimoja tofauti na vingine. Hicho anakiandika kwenye kauntabuku, pamoja na siku na namba ya mzigo. Sura haandiki. Hutamkuta ameandika "mrefu, maji ya kunde, ana mwanya".

Ukirudi kuchukua, hakuambii "Wewe si yule wa jana?" Ananyamaza. Anasubiri utoe nusu karata yako, useme uliacha lini, utaje kitu chako. Vikikubaliana, ndipo anakutazama usoni. Ukimtia shaka hapo, anasimamisha hata kama karata imeingiana. Ila uso peke yake, hata ukimkolea vipi, haujawahi kufungua mlango ule.

Uzito wa utaratibu huu naujua kwa sababu mimi nilishamnyooshea mtu kidole.

Ni miaka sita sasa. Ilikuwa stendi moja ya nyanda hizi, sitaitaja. Mwezi wa saba, jioni, ukungu umeshuka, taa hakuna. Kijana alinipokonya mkoba wenye mauzo ya siku tatu akakimbia. Nilimwona kwa muda wa kuvuta pumzi mara mbili hivi. Alikuwa amevaa boshori jekundu, amelishusha mpaka kwenye nyusi. Kesho yake asubuhi nilikuwa palepale, nikaona boshori jekundu, uso uleule, mwendo uleule. Nikapiga kelele ya mwizi. Nilikuwa na hakika kama ninavyolijua jina langu. Watu walimkamata wakaanza kumpiga kabla hajaulizwa neno. Aliyemwokoa ni mzee mmoja dereva wa lori. Alijitupa katikati, akamkumbatia yule kijana kwa nyuma, akawa anapigwa yeye huku anapaza sauti kwamba huyu ni utingo wangu, jana tumelala Njombe tukishusha mbolea, leo ndiyo tunaingia. Akatoa karatasi ya kupokelea mzigo, ina muhuri na tarehe. Watu wakaisoma, wakaanza kuondoka mmojammoja bila kuangaliana.

Kijana alikuwa anatoka damu puani. Nilimwambia samahani. Hakunijibu, alipanda kwenye lori. Mkoba haukupatikana, na sikuuwaza tena siku ile. Kilichonitisha ni hakika yangu. Sikuwa nadanganya, sikuwa na kisa naye. Nilimwona kabisa, na hakuwa yeye.

Baada ya pale nilianza kusoma kila nilichopata kuhusu jambo hili, kwa sababu usingizi ulikuwa haunijii. Mtoto wa kaka yangu anasoma sheria, naye alinieleza kwamba Mahakama ya Rufani ya Tanzania ililisema tangu 1980, kwenye kesi ya Waziri Amani dhidi ya Jamhuri. Ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho, walisema majaji, ni wa aina iliyo dhaifu kabisa, na mahakama isiutegemee mpaka iridhike kwamba hakuna nafasi iliyobaki ya kumfananisha mtu na mwingine. Shahidi aulizwe alimtazama mtuhumiwa kwa muda gani, kwa umbali gani, mwanga ulikuwaje, na kama alishawahi kumwona kabla. Nilijiuliza maswali hayo mimi mwenyewe jikoni usiku. Pumzi mbili. Ukungu. Jioni bila taa. Sijawahi kumwona. Umbali tu ndio ungenitetea, na ulikuwa wa mkono mmoja kwa sekunde chache.

Nadhani tunadanganywa na watu tunaowajua. Mama yangu namtambua kwa mbali, kwenye mvua, hata kwa kisogo, basi naamini macho yangu ni mazuri kwa sura zote. Mwaka 2011 watafiti wa Uingereza walichapisha jaribio ambalo lilinifungua. Walichukua picha 40 za wanawake wawili maarufu wa Uholanzi, 20 za kila mmoja, wakazichanganya. Wakawapa Waingereza wasiowajua, wakawaomba wapange mafungu, kila mtu na fungu lake. Kwa kawaida yalitoka mafungu saba au manane. Waholanzi, wanaowajua wale wanawake, walitoa mawili bila shida. Nilifanya hivyohivyo mezani kwangu kwa picha za shangazi zangu wawili: harusini, msibani, kwenye shamba la chai, picha za zamani za studio, picha za simu. Jirani yangu aliyehamia kutoka Sumbawanga alihesabu watu watano. Wanangu walishangaa mpaka wakamwonea huruma. "Mama, si ni bibi yuleyule?"

Kwa hiyo mtu usiyemjua hubadilika mbele yako akibadili mwanga au akicheka tu, na watu wawili tofauti wanaweza kuwa mmoja wakivaa sawa. Tena akili inamshika mgeni kwa kingo: nywele, kofia, umbo la kichwa. Ukishamzoea mtu ndipo unamshika kwa sehemu za ndani, yaani macho, pua na mdomo. Watafiti waliliandika hilo tangu 1979. Niliposoma, nilimwona yule kijana wangu na boshori lake. Huku kwetu kuanzia mwezi wa sita mpaka wa nane kila kichwa kimefunikwa. Baridi ya Uyole asubuhi haimruhusu mtu kutembea kichwa wazi. Ukimkumbuka mtu kwa boshori, umewakumbuka nusu ya abiria wa stendi.

Mama mwenye chumba hajasoma utafiti wowote. Nilimuuliza ilikuwaje akaanza kuvua watu kofia. Aliniambia mwaka wake wa kwanza alimpa mtu kiroba cha usipa, dagaa wa ziwani, kutoka Kyela kwa sababu ya koti. "Koti lilikuwa lile. Mtu hakuwa yule." Mwenye mzigo alipokuja, alimlipa kwa kuuza cherehani yake. Aliyasema hayo akitazama kona ambako cherehani ilikuwa inakaa. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini chumba cha mizigo kiko kwenye kichochoro cha mafundi.

Na la kutoandika sura? Huko Marekani, mwaka 1990, ilionekana kwamba watu waliotazama video ya wizi, kisha wakaeleza kwa maneno uso wa mwizi, walimtambua vibaya zaidi kuliko wale ambao hawakueleza. Maneno yanakaa mahali pa uso. Yeye alinieleza kwa namna yake: "Ukiandika 'mnene', kesho unamtafuta mnene, mwenyewe anapita."

Wako wanaokasirika. Nimemwona mwanamume mwenye suti akipiga kitambulisho cha taifa juu ya meza, anasema picha hii hapa, jina hili hapa, unataka nini zaidi? Mama akakichukua kwa mikono miwili, akakitazama, akamrudishia na kumshukuru. "Na nusu yako, baba?" Yule baba aliondoka akilalamika, akaikuta kwenye gari, akarudi nayo. Niko upande wa mama. Kulinganisha picha ndogo na uso wa mgeni ni kazi ngumu kuliko tunavyodhani. Mwaka 1997 lilichapishwa jaribio lililofanyika kwenye duka kubwa Uingereza: wanunuzi walipewa kadi za benki zenye picha, nyingine zikiwa na picha ya mtu mwingine. Zaidi ya nusu ya zile kadi zisizo zao zilipokelewa na makeshia. Makeshia, ambao kazi yao ni kutazama!

Sasa nieleze siku niliyomchukia.

Mwaka jana mwezi wa nne nilikwama Tunduma, foleni ya malori imeziba barabara, na belo langu liko Mwanjelwa. Kesho yake ilikuwa siku ya soko nyumbani. Nikampigia simu. "Mama, shikamoo, ni mimi wa mitumba wa Tukuyu. Nakuomba umpe mzigo mtoto wa kaka yangu, anafika hapo sasa hivi." Ananijua miaka mitatu wakati ule. Tumekula wali kwenye sahani moja. Akasema, "Marahaba. Sauti nasikia kama ni yako, mwanangu. Lakini siwezi." Nikamtajia kitu changu cha ndani. Akaniuliza nusu karata iko wapi. Iko kwangu, Tunduma. "Basi tuonane ukifika." Akakata. Kijana wetu alirudi mikono mitupu, mimi nikakosa soko na kulipia siku mbili zaidi. Nilikaa wiki tatu napeleka mzigo mahali pengine.

Nilirudi baada ya mama yangu mzazi kutapeliwa. Alipigiwa simu usiku na mtu analia: mama, nimepata ajali, simu yangu imevunjika, tuma kwenye namba hii. Mama alituma shilingi 80,000. Nilipomuuliza aliwezaje kuamini, aliniambia kwa uchungu, "Nilisikia sauti ya kaka yako." Kaka yangu alikuwa amelala chumba cha pili.

Mtu akilia sauti inabadilika, na simu inaipunguza zaidi. Simu za kawaida zilitengenezwa kupitisha mawimbi ya sauti ya kati ya hezi 300 na 3,400 hivi, yale ya chini na ya juu yanabaki nje, na humo nje kuna mengi yanayomfanya mtu awe yeye. Hata ana kwa ana, sauti ya mgeni haikai. Mwanasaikolojia wa Marekani, Frances McGehee, alipima mwaka 1937: watu waliosikia sauti ya mtu wasiyemjua waliweza kuichagua kati ya nyingine kwa asilimia 83 baada ya siku moja. Baada ya miezi mitano, asilimia 13. Kilichomsukuma kupima ni kesi ya mtoto wa rubani Charles Lindbergh, aliyetekwa 1932. Baba wa mtoto alikuwa ameketi garini usiku akasikia kwa mbali maneno machache kutoka makaburini. Zaidi ya miaka miwili baadaye alisema mahakamani kwamba sauti ile ni ya mshtakiwa. Mshtakiwa aliuawa kwenye kiti cha umeme mwaka 1936. Huenda alikuwa na hatia kwa ushahidi mwingine, sizungumzii hilo. Naizungumzia ile sauti tu, na miaka miwili.

Niliporudi Mwanjelwa nilimwomba mama msamaha. Alinijibu kwa Kinyakyusa, "Ndaga, mwanangu," yaani asante, akanipa kikombe cha chai.

Siku hiyo ndiyo nilianza kumwangalia vizuri anavyotumia masikio. Wateja wengine wanatoka Zambia, wanazungumza Kibemba wao kwa wao. Anasema wakizungumza lugha yao, kwake sauti zote ni moja. Anawaomba waongee Kiswahili, hata cha kubahatisha. Nimesoma baadaye kwamba ndivyo ilivyo kwa kila mtu: sauti inayozungumza lugha usiyoijua ni ngumu kuikumbuka, kwa sababu hujui kipi ni cha lugha na kipi ni cha mtu. Mhehe akiingia na salamu yake ya "kamwene", mama anamjibu kidogo kisha anamrudisha kwenye Kiswahili. Akiwa na Mnyakyusa mwenzake, hapo yuko nyumbani, anaweza kukuambia huyu ni wa Rungwe juu au wa Kyela chini kabla hajamaliza salamu. Na bado anadai nusu karata.

Kasoro zipo, nami siwezi kuzificha kwa mtu anayepanga kwenda. Alfajiri, kabla ya mabasi ya saa kumi na mbili, foleni inakuwa ndefu, na maswali yake hayafupiki hata umwambie gari linaondoka. Fika nusu saa mapema. Chumba ni kimoja, kwa hiyo usipa na nguo vinalala pamoja. Funga belo lako kwa nailoni mara mbili, harufu ile haitoki kwa siku moja. Ukipoteza nusu karata, jiandae. Utasubiri mpaka jioni wenzako wote wachukue mizigo yao, ndipo mfungue wako mbele ya mashahidi wawili, na kila kilichomo ukitaje kabla hakijatoka. Nimeona dada mmoja akilia pale. Alipata mzigo wake saa mbili usiku. Jumapili mama hafungui mpaka arudi ibadani. Na kwa simu, kama nilivyosema, usijisumbue.

Ningependa stendi zetu zote ziwe na mtu wa namna hii, na ningependa zaidi tuwe hivi sisi tunaopiga kelele ya mwizi. Mimi sikuulizwa swali hata moja siku ile. Hakuna aliyeniambia, dada, vua kwanza boshori la huyu kijana umtazame. Ningetazamishwa, labda ningesita. Sina uhakika hata na hilo.

Yule utingo nimemtafuta. Nimeuliza madereva wa mbolea Makambako na Mafinga, nimesimama Njombe kwenye maegesho ya malori asubuhi mbili. Nikifumba macho nione uso wake, linakuja boshori, inakuja damu, uso hauji. Anaweza kuwa amenunua jaketi kwangu akaenda zake.

Kama anasoma hapa, au kama yule mzee dereva anasoma: ilikuwa mwezi wa saba, asubuhi, mmetoka kushusha mbolea Njombe, mwanamke wa mitumba alipiga kelele. Kila Alhamisi kuanzia saa tisa mchana niko kwenye chumba chenye mlango wa bluu, nyuma ya soko la Mwanjelwa. Mimi sitakutambua, kwa hiyo itabidi wewe uniite.